Bi Evanthia na Masanduku ya Wanafunzi wa Milele

Ukitaka kumjua Bi Evanthia usianzie ghorofa za juu, kwa maprofesa. Shuka ngazi kumi na saba, inamisha kichwa upite bomba la maji ya moto, vuka chumba cha boila, na mlango wa pili ndio wake. Huko chini alikaa miaka kumi na tisa na mashine moja ya kijivu, kubwa kama friji, iliyokuwa ikipokea na kutuma barua pepe za chuo kizima. Kahawa yake nilimpelekea mimi: sukari ya kiasi, na bilauri ya maji baridi, saa nne kamili asubuhi. Ukichelewa dakika kumi hasemi kitu, anakuangalia tu, na wewe mwenyewe unajikuta unaomba radhi.

Mimi naitwa Minas. Kantini ya hapo chini, ile yenye mashine ya tosti inayopiga kelele, ni yangu. Natangulia kujitaja kwa sababu habari ya Bi Evanthia imenigusa mimi mwenyewe, tena pabaya, na nikisema naeleza ya watu tu nitakuwa nadanganya. Uongo nimeshaufanya wa kutosha, kama utakavyosikia.

Bi Evanthia alizaliwa kijiji cha tumbaku, juu huko kuelekea mpakani. Baba yake alikuwa na mgahawa wa kahawa, na simu ya pekee ya kijiji ilikuwa humo. Nusu ya wanaume walikuwa wamekwenda Ujerumani viwandani. Simu ikilia, baba anasema, "Subiri, usikate," na Evanthia, mtoto wa miaka minane, anachomoka mbio kumwita mwenyewe: mama fulani njoo, mwanao yuko kwenye waya. Wanawake walikuja na unga mikononi. Siku moja akatumwa akamwambie bibi kizee mmoja kwamba mwanawe amepiga na atapiga tena Jumapili. Njiani akakuta wenzake wanaruka kamba, akasahau. Jumapili mwana akapiga, bibi hakuwapo, na kipupwe chote kile bibi alishinda kizingitini akiwaambia wapita njia kwamba mwanawe amemtupa. Evanthia hakuthubutu kusema. Kanisimulia mara moja tu, ameshavuka hamsini, na macho yakamjaa maji. Akaniambia barua ambayo mwenyewe hajaambiwa ni sawa na haikuandikwa.

Ile mashine tuliiita Mzee. Mvua ikinyesha sana maji yaliingia chini kule, na Bi Evanthia alikuwa na mabuti yake ya mpira tayari nyuma ya mlango. Agosti, joto likipanda, feni alimwelekezea Mzee na yeye akajipepea na faili. Pasaka mbili aliitwa katikati ya mlo, mwanakondoo bado yuko kwenye mti anageuzwa juu ya makaa, kwa sababu Mzee amegoma na profesa mmoja hawezi kumtumia binti yake heri za sikukuu. Alikuja. Alinuna, lakini alikuja.

Mwishoni mwa mwaka 2009 naibu mkuu wa chuo, Profesa Goulas, mtu wa suti nzuri na haraka nyingi, akaleta shauri kwenye seneti. Kampuni moja kubwa ya ng'ambo ilikuwa tayari kuwapa wanafunzi wote barua pepe bure. Bure kabisa. Na si barua tu: kalenda, mahali pa kuandikia kazi watu wanne kwa pamoja kila mmoja kwao, na nafasi ya kuhifadhi iliyozidi ya Mzee mara mia. Mimi nilikuwa pale na sinia la kahawa, na kwenye kikao mtu mwenye sinia haonekani, ndiyo maana nasikia mengi.

Wakavutana siku tatu. Mwanasheria wa chuo aliuliza barua za wanafunzi zitalala nchi gani, na nani ana ufunguo. Profesa wa falsafa alisema jibini ya bure hupatikana mtegoni tu. Wengine wakasema wanafunzi wenyewe wameshahama zamani, kila mmoja ana anwani yake ya bure huko nje, na Mzee kabaki na matangazo ya chuo na vumbi. Wote, waliotaka na wasiotaka, walikuwa na hakika ya jambo moja: Bi Evanthia atapinga. Ni kazi yake, ni mashine yake, atalia. Siku ya tatu wakamwita apande juu.

Akaja na sweta lake la kahawia, akakaa kwenye ncha ya kiti. Goulas akaanza kumbembeleza kama mgonjwa. Bi Evanthia akamkatiza. Akasema Mzee amechoka na yeye amechoka, waichukue hiyo ya bure na Mungu awabariki, ilimradi mwanasheria aridhike na mkataba. Goulas akaanza kukusanya karatasi zake. Kisha akasema ana neno moja. Kuna masanduku elfu mbili na mia sita na arobaini ambayo wenyewe hawajayafungua miaka mingi, na ndani mna barua ambazo hazijasomwa. Hayafungwi wala hayahamishwi mpaka kila mwenyewe ameambiwa kwa mdomo.

Hapo ndipo wanafunzi wa milele walipoingia kwenye kikao. Kwetu, mtu akishaandikishwa chuo, hakuna wa kumfuta. Anadaiwa somo moja, anakwenda jeshini, anaoa, anafungua duka la vigae, nywele zinamwisha, na bado kwenye daftari la chuo ni mwanafunzi wa mwaka wa tano. Hata akifa ni mwanafunzi mpaka mtu alete cheti cha kifo. Goulas akasema hao si watu, hao ni takwimu, wapewe wiki mbili kisha wafungiwe. Na atawaambiaje, kwa barua?

"Barua ndiyo hawafungui," Bi Evanthia akasema. "Nitawapigia simu. Kila mtu siku ya jina lake."

Goulas akacheka, lakini mwenyewe akabaki akicheka peke yake. Maana watu wa pale walielewa mara moja. Mtu ukimpigia siku ya kawaida anadhani unamuuzia kitu, anakata. Siku ya mtakatifu wake, yule ambaye kapewa jina lake, hakati mtu. Siku hiyo amekaa nyumbani na sahani ya vitamutamu mbele, mlango wazi, anangoja kutakiwa heri ya "miaka mingi" na kila anayemjua, na usipompigia ndipo unapoonekana huna adabu. Mkuu wa chuo, ambaye jina lake ni Yorgos, akasema taratibu kwamba Mtakatifu Yorgos ni mwezi wa nne. Akina Kostas wanne waliokuwa mezani wakasema na wao ni mwezi wa tano. Ikaonekana kalenda haina njia ya mkato. Seneti ikapitisha: mwaka mzima, kuanzia Vasilis tarehe mosi Januari hadi mwisho wa Desemba, kisha Mzee azimwe.

Mimi nilishusha sinia polepole, maana na jina langu limo kwenye daftari hilo.

Nilijiandikisha chuo hicho mwaka 1983, uhandisi wa umeme. Nikafaulu masomo yote ila moja: Mitambo ya Umeme ya Pili. Nikalifanya mara saba. Katikati nikaanza kusaidia kantini, baadaye nikaichukua. Mara ya mwisho ilikuwa Juni 1996, kwa Profesa Karydas, mzee mkali aliyekuwa akitembea na chaki nyuma ya sikio. Nilipoona maswali yananishinda niliandika chini ya karatasi, kwa mkono wangu, aibu yangu hii: "Profesa nihurumie, nina mama." Alama zikabandikwa ubaoni. Kufaulu ni tano. Mimi nilipata nne na nusu. Siku mbili baadaye Bi Evanthia akaniambia nina barua ya Karydas kwenye sanduku langu. Sikuifungua. Nilijua ni matusi, na nilistahili. Karydas akafa mwaka 2003, na kila asubuhi kwa miaka kumi na minne nikapeleka kahawa hatua mbili kutoka kwenye ile barua.

Na mama yangu? Mama yangu, Bi Polyxeni, yuko kijijini, mlimani, saa moja na nusu kwa basi. Kiangazi kile aliniuliza kwenye simu kama nimemaliza. Nikasema ndiyo. Neno moja tu, ndiyo. Wiki iliyofuata kijiji kizima kikawa kinaniita injinia. Akiuliza kazi nasema niko chuoni, kwenye mitambo. Na ni kweli: ya kahawa na ya tosti. Nilijisafisha kwa maneno hayo, lakini mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimejifunika blanketi zima.

Sasa sikiliza kosa letu sisi watu wa huku. Siku ya kujiandikisha, kila mmoja wetu alipoulizwa namba ya simu, aliandika ya nyumbani kwa mama. Nani angeandika nyingine? Kwa hiyo Bi Evanthia, orodha mkononi na penseli sikioni, alikuwa anajiandaa kuwapigia akina mama elfu mbili na ushee.

Mwaka mpya alianza na akina Vasilis, kutoka nyumbani kwake. Mama wa kwanza alimshukuru sana, akauliza yeye ni nani. Ni Evanthia wa chuo, kuhusu sanduku la barua la mwanafunzi Vasilis. Mama akacheka, akasema Vasilis alimaliza mwaka tisini na nne, ana kampuni ya ujenzi. Bi Evanthia hajui kusema uongo, hilo ndilo tatizo lake kubwa hapa duniani. Akasema la, Bi mkubwa, anadaiwa masomo mawili. Chuo kilipofunguliwa baada ya sikukuu Vasilis huyo akaingia kantini kwangu, tumbo mbele, gari kubwa nje, anatafuta nani huyo mwanamke. Nikamwelekeza ngazi. Alishuka akifoka. Alipanda baada ya nusu saa ameshika karatasi yenye nywila ya sanduku lake, na akaniuliza vitabu vya mwaka wa nne siku hizi vinauzwa wapi.

Ndivyo ilivyokwenda. Kila sikukuu ya mtakatifu, nyumba fulani mkoani ikawa na mama aliyekaa chini ghafla. Akina Antonis wakalipuka mwezi wa kwanza, akina Haralambos mwezi wa pili. Siku ya Mtakatifu Yorgos walikuwa mia mbili na kumi na mbili. Bi Evanthia akawaita mabinti wa ofisi ya usajili wamsaidie, nami nikashusha kahawa mara tano. Goulas alikuja kulalamika kwamba kuna daktari wa meno amepigwa na mama yake kwa mwiko. Bi Evanthia akamjibu kwamba yeye anapeleka habari tu, hapigi mtu. Nilikuwa nikicheka na wenzangu. Kisha nikirudi nyuma ya kaunta nahesabu: Minas ni tarehe kumi na moja Novemba. Siku za mwizi ni arobaini, na zangu nilizijua kwa tarehe.

Mwezi wa tatu nilijaribu kumpiga chenga. Nikateremka na kahawa, nikaongeza na kipande cha pai ya jibini, jambo ambalo lilimtia shaka papo hapo.

"Akina Minas wako wangapi kwenye orodha?" nikamuuliza, najitia hamnazo.

"Watatu. Mmoja ni wewe."

"Basi mimi si tuko pamoja hapa kila siku? Umeshaniambia. Nifute."

"Njoo hapa ukae," akasema, akasukuma kiti kwa mguu. "Fungua sanduku mbele yangu, soma barua yako, tia sahihi. Nakufuta sasa hivi."

"Hiyo barua ifute na yenyewe."

"Mimi sifuti barua ya mtu. Wala siisomi."

"Evanthia, mama ana miaka sabini na minane. Ukimwambia atakufa."

Akanywa funda la kahawa. Akasema nina miezi minane ya kumwambia mwenyewe, au ya kusoma barua, nichague. Ila yeye akiruka jina moja, kesho ataruka la pili, na atakuwa amerudi kuruka kamba. Pai akaila yote. Nilipanda ngazi nimefura kwa hasira, na wiki nzima nikampelekea kahawa chungu makusudi. Hakulalamika, akaleta sukari yake kutoka nyumbani.

Miezi minane ilipita kama wiki moja. Kila nilipokwenda kijijini nilisema leo, leo nitamwambia, liwalo na liwe. Mama ananikaribisha mlangoni, "Karibu injinia wangu," na ulimi unaganda. Septemba chumba cha mtihani kilijaa watu wenye mvi na miwani ya kusomea, wamejibana kwenye madawati, na vijana waliwapisha kama wanavyopisha wazee kanisani. Vasilis wa ujenzi alifaulu somo moja, akawanunulia watu wote wa kantini kahawa baridi. Nilimhudumia nikitabasamu, na rohoni nikamwonea wivu mpaka nikaumwa kichwa.

Tarehe kumi na moja Novemba ilikuwa Alhamisi. Nikafunga kantini, nikapanda basi. Kila mwaka siku ya jina langu iko kwa mama, hakuna mjadala. Baada ya ibada nyumba ilijaa: kasisi, majirani, binamu zangu wawili, wajane wa mtaa mzima wamekaa mstari mmoja. Mama alikuwa anapita na sinia la jamu ya matunda iliyopikwa kwa sukari, kijiko kimoja kwa kila mtu na bilauri ya maji. Simu iko ukumbini, juu ya kitambaa alichoshona yeye. Ilipolia nilisimama. Mama alikuwa karibu zaidi.

Akasema ndiye mama yake Minas. Akasema ahsante sana binti yangu, nawe pia uishi. Kisha akasikiliza. Nikaona mgongo wake tu. Akasema, "Moja tu?" Kisha akafunika mkono wa simu kwa aproni, akageuka. Wageni wote wakaacha kutafuna.

"Minas, unadaiwa somo gani?"

Kasisi alikuwa na kijiko hewani. Nilitaka sakafu ipasuke.

"Mitambo ya Umeme ya Pili, Mama."

"Mwalimu wake yu hai?"

"Wa zamani amefariki. Yupo mwingine, mwanamke."

"Ana afya?"

"Anayo."

"Sasa tatizo liko wapi?" akasema. Akarudi kwenye simu. "Anakuja kesho, binti yangu. Nitamtuma na jamu."

Na akaendelea kupita na sinia. Naapa, akaendelea pale pale alipokuwa ameachia, kwa mjane wa tatu. Wageni walipoondoka alikaa mbele yangu akavua viatu. Nilingoja mwiko. Akaniambia ameumia, na ameumia si kwa somo bali kwa sababu miaka yote hii nilikuwa nikija kwake nikiwa mgeni. Nililia kama mtoto, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano. Aliniacha nilie, kisha akasema, "Kumbe mitambo yenyewe ni ya kahawa," akaanza kucheka, na mimi machozi bado yananitoka nikacheka naye.

Kesho yake nikateremka ngazi kumi na saba na chupa ya jamu. Bi Evanthia akaipokea chupa. Akaondoa faili kwenye kiti, akaandika nywila mpya kwenye karatasi, akageuza uso ukutani ili asione ninachosoma. Mzee alikuwa ananguruma. Nikafungua barua ya Karydas ya Juni 1996. Ilikuwa na mistari minne.

Alisema amesahihisha karatasi yangu mara mbili na mara zote ni nne na nusu. Hiyo nusu hanipi kwa huruma, maana huruma haiwashi taa, ila nije ofisini kwake Alhamisi saa tano aniulize swali moja kwa mdomo, nikilijibu tumalize jambo hili sote wawili. Na mwisho: "Msalimie mama yako."

Nilisoma mara ya pili, kisha ya tatu. Alhamisi ile ya mwaka 1996 nilikuwa kantini, ghorofa moja juu ya barua hiyo, nachoma tosti. Bi Evanthia akauliza, bado ameangalia ukuta, kama ni mbaya. Nikamwambia ageuke aisome mwenyewe. Alipomaliza alitoa leso. Kisha akanisogezea simu ya mezani, ile nyeusi, akasema kuna mtu ana salamu zake humu.

Nikampigia Mama nikamsomea mstari kwa mstari. Kwanza akaniomba nirudie ule wa mwisho. Kisha sauti ikapanda, na hapo ndipo nilipoupata mwiko niliouogopa jana.

"Miaka kumi na minne, Minas? Salamu zangu zimekaa miaka kumi na minne karibu na boila?"

Somo lenyewe aliona ni jambo dogo. Somo linarudiwa. Lakini mtu mkubwa, profesa, amemsalimu kwa heshima, naye hakujibu, na sasa yule mtu amekufa akidhani Polyxeni hana adabu. Hilo hakunisamehe kwa wiki tatu. Bi Evanthia alikuwa anasikia kila neno, na alitikisa kichwa akikubaliana naye.

Nikasoma. Kaunta yangu ikajaa madaftari, na vijana wakinisubiri niwape tosti wakawa wananisahihisha mahesabu. Mwanzoni mwa Februari nikaingia mtihani kwa Profesa Loukidou, ambaye zamani alikuwa msaidizi wa Karydas. Matokeo yakatoka. Nilipata nne na nusu. Usicheke. Nikamchukulia nakala ya ile barua, nikaiweka mezani pake. Aliisoma, akaangalia dirishani kidogo, akavua miwani.

"Kwa nini transfoma hunguruma hata kama hakuna kitu kilichochomekwa?"

Nimefanya kazi miaka kumi na minane mgongo ukiwa kwenye friji inayonguruma. Nikamwambia chuma cha ndani kinanyooka na kujikunja mara mia kwa sekunde, kinafuata umeme upende usipende, na kazi hiyo kinaifanya hata kama hakuna anayeihitaji. Akaandika tano. Akasema na yeye anamsalimu mama yangu, na nisikae nazo.

Mzee alikuwa ameshazimwa mwezi wa kwanza. Masanduku yalihamia huko kwa bure, na Bi Evanthia hakutoa hata chozi. Aliweka chungu cha mrehani juu ya Mzee, akasema mwishowe anapumua. Waliofariki, barua zao alizichapisha akawapelekea wajane mikononi. Kazi anayo bado, maana watu husahau nywila popote barua zao zilipo. Vijana sasa wanakaa kantini wanne meza moja, wanaandika kazi moja kwenye mtandao kila mmoja na kompyuta yake, hawasemezani, na kahawa moja inawatosha saa tatu. Hayo ndiyo maendeleo, na mimi nimeyakubali kwa shingo upande. Cheti changu kiko juu ya mashine ya tosti. Kimeshaingia mafuta.

Jumamosi ya Wafu, mwisho wa Februari, Mama aliteremka kwa basi la kwanza. Alikuwa na bakuli la ngano ya kuchemsha ya kuwakumbukia wafu, yenye sukari juu na komamanga, amelifunga kwa kitambaa cheupe. Alituambia mimi na Bi Evanthia tumpeleke kaburini kwa Karydas. Ilikuwa baridi, matope yameganda. Mama akawasha mshumaa, akaweka bakuli, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa kama anayeingia nyumba ya watu. Akasimama wima.

"Profesa, mimi ni Polyxeni, mama yake Minas," akasema kwa sauti. "Salamu zako nimezipata. Zimechelewa, kosa si la posta. Nami nakusalimu."

Bi Evanthia alikuwa amesimama nyuma yetu. Nikamsikia anatafuta kitu mkobani, nikadhani ni leso. Ilikuwa ile orodha, na penseli. Akakata jina langu, la mwisho lililobaki, akatugawia ngano kwa kijiko, tukala pale pale tumesimama.